Umetumwa na Nani?

Mzee mwenye kampuni aliniita ofisini kwake asubuhi moja, chai yake bado inatoa mvuke, akaniambia anataka mfumo mpya uzungumze Kiswahili.

Kampuni yetu inatengeneza sabuni na mafuta ya kupikia. Kiwanda kiko Jinja, na ghala la pili liko Mbale, mtaa wa Malukhu. Kazi yangu ilikuwa kompyuta: zikigoma naitwa, zikinunuliwa mpya nazifundisha kazi, na watu nawafundisha pia. Zamani mtu akitaka kitu, iwe dizeli ya lori, likizo, au bomba la kubadilisha lililopasuka, alijaza karatasi, na karatasi ikatembea meza kwa meza ikitafuta sahihi. Nyingine zilifika. Nyingine zilifungiwa chapati. Sasa Mzee alikuwa amenunua mfumo ambao ungefanya mambo yote hayo kwenye simu na kompyuta, na mimi ndiye niliyepewa kuupanga: kila mfanyakazi apewe nafasi yake ndani. Kuna wa kuomba, kuna wa kukagua, kuna wa kupitisha, na kuna wa kutazama tu. Kila mtu akiingia anaona ukurasa wa nafasi yake, basi. Anayeomba haoni kitufe cha kupitisha. Anayepitisha haoni anachokiona mwombaji.

"Kwa nini Kiswahili, Mzee?" niliuliza.

"Wewe unajua watu wetu," akasema. Yeye ni Mhindi wa Jinja, wa ukoo uliofukuzwa nchini katika miaka ile ya utawala wa jeshi, akarudi akiwa mtu mzima. Kiswahili chake ni cha utotoni, cha dukani, lakini hakina woga. "Hapa kuna Basoga wa Buwenge, kule Bagisu, madereva nusu wametoka upande wa Kenya. Kizungu wengine wanaogopa. Ukiweka Kisoga, Mbale watanuna. Ukiweka Kigisu, Jinja watanuna. Kiswahili haina mwenyewe hapa. Weka hiyo."

Nilitoka mle ndani nikitabasamu peke yangu kwenye ngazi.

Maana mimi Kiswahili kina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Sisi ni Wanubi. Mababu wa mababu zetu waliletwa na wakoloni kutoka Sudan wakiwa askari, wakabaki, wakaoa, wakazaa, na wengi wa watoto wao wa kiume wakafuata bunduki. Nyumbani kwetu Jinja tulikua na Kinubi na Kiswahili, vikichanganyika kama wali na maharage, hujui ulichoanza kutia mdomoni. Shuleni ndipo nilipojua kwamba hicho kilikuwa kitu cha kuficha. Nikifungua mdomo uwanjani, wenzangu walibana miguu na kunipigia saluti. "Afande!" walisema. Lugha ya askari na wezi, walisema, na hawakusema kwa ubaya sana, walisema kama mtu anavyosema kwamba mvua ni maji. Nikajifunza Kiganda hadi nikakiweza, nikajifunza Kisoga, na Kiingereza nikakifukuza hadi nikampita kila mtu darasani. Kiswahili nilikiacha mlangoni kwa mama, pamoja na viatu.

Na sasa nimeambiwa nikilete ofisini. Jioni nilimpitia mama kumpa habari. Alikuwa anasuka kawa ya kufunikia chakula, nyuzi za rangi zimemjaa mapajani, na akaniuliza mara mbili kama nina hakika.

Niliandika maneno ya mfumo kwa adabu yote niliyofundishwa. "Tafadhali andika namba yako ya utambulisho." "Samahani, nafasi yako haikuruhusu kufungua ukurasa huu." "Je, unaomba kwa niaba ya nani?" Hili la mwisho lilikuwa kwa mtu anayemwombea mwingine, kama karani wa ghala anayemwombea dereva tairi. Lakini visanduku vya mfumo vilikuwa vidogo, vimepimwa kwa Kiingereza, na simu za wafanyakazi wengi ni zile ndogo zenye vioo vilivyopasuka. Sentensi zilikatwa katikati. Mtu aliona "Samahani, nafasi ya", kisha hakuna kitu. Basi nikaanza kupunguza. Neno la kwanza kuondoka lilikuwa "tafadhali". Lilifuatwa na "samahani". Nilipunguza hadi kila kitu kikatosha: "Toa kitambulisho." "Huna ruhusa." "Umetumwa na nani?"

Niliyasoma na nikaridhika. Kiswahili sanifu, kifupi, hakuna kosa la ngeli hata moja.

Nafasi moja tu ilinisumbua jina, ile ya juu kabisa, ya mtu anayepitisha ombi baada ya wengine wote. Nilikuwa nimeiita Mwidhinishaji Mkuu. Vijana wa upakiaji pale Jinja walijaribu kulitamka wakatoa "mwizinishaji", halafu wakabaki na "mwizi", wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Wakasema, "Madam, si uandike Afande tu?" Hapa kwetu Afande ni askari, ni trafiki, ni mlinzi wa geti, ni yeyote anayeweza kukuzuia usipite. Nikaona ni neno fupi, kila mtu analijua, linaingia kwenye kisanduku. Nikaliandika. Tangu hapo mtu akiomba kitu kikubwa, simu ilimjibu: "Ombi lako liko kwa Afande. Subiri."

Jinja walilipenda. Walikuwa wakiitana nalo kantini. Niseme ukweli, na mimi nililipenda. Neno walilonipigia nalo saluti nikiwa mtoto, leo nimelipanga mimi, na watu wazima wanalisubiri.

Kisha nikaenda Mbale kuwafundisha wa huko.

Ghala letu la Malukhu linatazamana na saluni na karakana ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo mafunzo yoyote pale yanafanyika katikati ya cheche na redio. Tulipanga viti ndani, kati ya katoni za sabuni. Meneja alikuwa kijana Mgisu mchangamfu, msomi, anayependa mashine. Kulikuwa na wapakiaji, madereva, na akina mama wa kuhesabu katoni. Na mbele kabisa alikaa mama wa stoo.

Yeye alikuwa mkongwe kuliko wote pale, karibu kustaafu. Nywele fupi, zimeota mvi pande zote, sweta la kijani hata jua likiwaka, miwani imefungwa kamba shingoni. Kwa simu tulikuwa tumezungumza mara nyingi, kila mara kwa Kiingereza, na nilimjua kama mtu asiyepoteza neno. Nafasi niliyompa ilikuwa ya kukagua, na pia ya kuwaombea madereva.

Nikawaambia kila mtu aingie kwa simu yake. Nikasikia yule mama akisoma kwa sauti ya chini, "Toa kitambulisho." Akaandika namba yake. Kisha akafungua ukurasa wa kumwombea dereva, na pale akakaa. Baada ya muda akailaza simu juu ya meza, kioo chini.

"Madam," akaniambia kwa Kiingereza, "macho yangu yamechoka. Waendelee wengine."

Nilikuwa nimewafundisha wazee wengi. Nilijua, au nilijidhania kujua, jinsi mtu mzima anavyoiogopa simu halafu akasingizia macho. Nikaenda hadi kwake. Nikaigeuza simu yake mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe, nikasema kwa Kiswahili ili wote wasikie na wajifunze:

"Mama, usiogope. Hii ni simu, haiumi."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha heshima. Nikazidi kutiwa moyo. Nikaweka kidole kwenye kioo chake na kumsomea kwa sauti ya juu, nikikata silabi kama anayemfundisha mtoto chekechea:

"U-me-tu-mwa na na-ni? Hapo unajibu tu, Mama. Umetumwa na nani?"

Akasimama. Alisimama haraka kuliko nilivyotegemea kwa umri wake, na mikono yake ikawa imefunguka mbele yake, viganja vikitutazama, kama mtu anayeonyesha kwamba hakushika chochote. Ilikuwa kitambo kidogo tu. Akajitazama mikono, akaishusha, akaanza kuitafuta miwani ambayo ilikuwa shingoni mwake.

"Mama, endelea tu, nitakusaidia," meneja akasema.

Akapita kati ya viti, akatoka nje.

Wale akina mama wa kuhesabu walitazama sakafu. Mimi nikaendelea na somo. Nilieleza nafasi zote, nikaonyesha jinsi ombi linavyosafiri hadi kwa Afande, na nilipofika hapo, pale ambapo Jinja walikuwa wakiangua kicheko, hakuna aliyecheka. Nikadhani ni joto.

Mchana walituletea matoke na malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyopikwa kwa karanga. Nilikaa kwenye baraza peke yangu, maana meneja alikuwa kwenye simu. Mama wa stoo ndiye aliyeniletea sahani. Nilitaka kuinuka kuipokea, akanionyesha kwa kichwa nikae. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu nami, na akanisemesha kwa Kiswahili.

"We unadhani mimi sijui Kiswahili."

"Hapana, Mama, mimi..."

"Mimi najua. Ile umeandika kwa simu, hiyo ndiyo najua. Ingine ya kusalimia watu, hiyo sijui. Hiyo ya simu, hiyo nilifundishwa."

Akanihadithia bila kuharakisha, akichanganya Kiswahili na Kiganda pale maneno yalipomwishia. Alikuwa msichana mdogo. Baba yake alikuwa karani wa kiwanda cha kuchambulia pamba, mtu wa tai, aliyevaa tai hata Jumamosi. Siku moja alikuwa anampeleka huyo binti kwa shangazi upande wa Tororo, kwa basi, na njiani wakakuta kizuizi cha askari. Wakashushwa wote. Baba yake alijua Kigisu, Kiganda na Kiingereza kizuri sana, lakini Kiswahili hakujua. Askari akamwambia atoe kitambulisho, yeye akajibu kwa Kiingereza, na hicho Kiingereza ndicho kilichoharibu. Binti alikuwa ameokota Kiswahili kidogo kwa jirani yao mwenye duka. Basi akawa mkalimani.

"Askari akauliza baba, 'Umetumwa na nani?' Mimi nikaambia baba. Baba akasema, mwambie hakuna aliyenituma, napeleka mtoto kwa shangazi yake. Mimi nikasema, 'Hakutumwa na mtu.' Vile tu. Nilikuwa sijui kuongeza maneno ingine."

Askari akawageukia wenzake. Kumbe huyu hatumwi na mtu, alisema, huyu anajiendea kama rais. Wakacheka. Wakamwambia yule karani aruke kichurachura, mikono masikioni, kuzunguka basi, na tai yake ikiburuta vumbi. Na binti wakamwambia ahesabu kwa sauti, kwa Kiswahili.

"Nilikuwa najua mpaka kumi peke yake. Nikifika kumi narudi kwa moja. Wao wanacheka. Wanasema, mtoto amesema moja, anza tena."

Nilikuwa na tonge mkononi. Sikujua pa kuliweka.

"Walimwachia," akasema. "Watu wakisikia mambo ya miaka ile wanangoja uwaambie aliuawa. Baba hakuuawa. Baba amekufa mzee kabisa, kitandani kwake. Lakini tangu siku ile hakunigombeza tena. Hata nikikosea. Hata nikivunja kitu. Anatazama pembeni. Mimi nilitaka anigombeze."

Ng'ambo ya barabara mchomeleaji alikuwa ametulia, naye anakula. Kisha yule mama akatazama ushungi wangu, akanitazama mdomo, kama anayekumbuka jinsi nilivyoyatamka yale maneno asubuhi.

"Wewe ni Mnubi?"

"Ndiyo, Mama."

"Babu alikuwa jeshi?"

Tangu utotoni nilikuwa na jibu la swali hilo. Kwetu wote tunalo. Likatoka lenyewe kabla sijaamua kulisema.

"Babu alikuwa mpishi tu."

Akatikisa kichwa taratibu, bila hasira, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo alishaijua.

"Ee. Wote walikuwa wapishi," akasema. "Basi sijui aliyesimama barabarani alikuwa nani."

Akachukua sahani yangu, ambayo bado ilikuwa imejaa, akaingia ndani.

Njia nzima ya kurudi dereva alinisemesha na mimi nikamjibu "ee" na "kumbe". Mwili ulikuwa ukinichoma, na hakikuwa kile alichonihadithia kilichonichoma zaidi. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe ya asubuhi. Ule ukataji wa silabi. Kile kidole. Nilisimama juu ya kichwa cha mama wa umri wa kunizaa, mbele ya watu wanaomheshimu, nikamuuliza swali lilelile, kwa lafudhi ileile, mara mbili, nikiamini ninamsaidia. Na alipokuja kunieleza, alikuja na chakula mkononi, na mimi nikamjibu kwa uongo wa ukoo.

Jumapili hiyo nilikwenda ofisini hakuna mtu. Jambo moja lilikuwa halijanipitia akilini kamwe: maneno yale niliyaandika, lakini mimi mwenyewe sikuwahi kuambiwa. Mwenye kupanga mfumo ana ruhusa ya kila kitu, na mwenye ruhusa ya kila kitu haambiwi "Huna ruhusa". Mlango wowote nikiugusa unafunguka. Basi nikatengeneza mtumiaji wa uongo, nikampa nafasi ya chini kabisa, ile ya wapakiaji, nikaingia kwa simu yangu kama yeye. Nikajaribu kufanya mambo ya kawaida ambayo mtu angejaribu siku yake ya kwanza.

Toa kitambulisho. Nikatoa. Nikabonyeza ukurasa wa magari. Huna ruhusa. Nikabonyeza wa likizo za wenzangu. Huna ruhusa. Nikawaombea wenzangu wote glavu. Umetumwa na nani? Nikaacha wazi nikabonyeza mbele. Umetumwa na nani? Nikaandika jina lolote. Ombi lako liko kwa Afande. Subiri.

Nilikaa na simu mkononi. Sikuwahi kusimamishwa kwenye kizuizi maishani mwangu, nilizaliwa baadaye, lakini ile sauti niliijua. Ilikuwa ya wajomba zangu wakimfukuza mtu getini. Ilikuwa yangu nikiwa na haraka. Nilikuwa nimeondoa kila neno la kumstahi mtu ili Kiswahili kitoshe kwenye kisanduku, na kilichobaki kilikuwa kile ambacho nchi hii inakikumbuka.

Jumatatu nilimweleza Mzee kwamba nataka kubadilisha maneno. Akanikatalia.

"Watu wameshazoea. Jinja wanafurahi. Kwa nini unavuruga?"

"Mzee, umewahi kuyaona?"

"Mimi napitisha kila siku."

"Anayepitisha hayaoni." Nikampa simu yangu, yule mtumiaji wangu wa uongo akiwa bado ndani. Akavaa miwani, akaomba kitu, akabonyeza, akabonyeza tena. Nikaona midomo yake ikisoma.

"Afande ni nani?" akauliza. "Mlinzi?"

"Ni wewe, Mzee."

Akanitazama kuona kama namtania. Akayarudisha macho kwenye simu, kisha akaiweka mezani polepole.

"Siku tunaondoka," akasema, "Afande mmoja alikuja nyumbani. Mama bado anafunga mabegi. Yeye akakaa kwenye kiti cha baba, akanituma maji. Nikamletea. Nikamwambia, 'Maji, Afande.' Adabu kabisa."

Nilijikuta natazama zulia, nikiwaza kwamba na huyu naye anajua mimi ni wa watu gani, siku zote amejua, na amenipa kazi, na kila Idi anamtumia mama yangu sukari.

"Badilisha," akasema. "Na usiniambie nani amelalamika."

Nikabadilisha. Nilirudisha "tafadhali", "samahani" na "kwa niaba ya nani", zikikatwa zikatwe. Nafasi ya juu ikaitwa Mkurugenzi. Nikaongeza pia Kiingereza, mtu achague. Vijana wa upakiaji walilalamika kwamba mfumo umepoa, na kwa mdomo wakaendelea kusema Afande, hadi leo wanasema.

Katikati ya wiki nilimwendea mama. Kawa ilikuwa imekaribia kwisha. Nilimsaidia kupanga nyuzi, na nikamuuliza huku natazama nyuzi.

"Mama, babu alikuwa mpishi kweli?"

"Ndivyo tunavyosema."

"Najua ndivyo tunavyosema."

Alisuka mizunguko kadhaa.

"Babu yako hakujua kuchemsha hata chai," akasema. "Maji yalikuwa yanamwishia kwenye sufuria. Bibi yako alikuwa anamcheka."

"Basi alikuwa nani?"

"Alikuwa baba yangu," mama akasema, akainua kawa akaitazama kwenye mwanga, na nikajua mlango umefungwa. Sikuusukuma. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama ningeusukuma. Labda kweli hakuwahi kusimama barabarani, labda alilinda ghala la mablanketi miaka yote ile. Sijui, na waliojua wamekwisha zikwa, au wanasuka.

Nilirudi Mbale baada ya muda kuwaonyesha mabadiliko. Dereva alikuwa amenifundisha salamu ya Kigisu, na kwa jinsi nilivyokuwa nikiirudia garini, akaanza kunionea huruma. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nitamsalimia kwa lugha yake, nitamvuta pembeni, nitamwambia kwamba babu hakuwa mpishi.

Nilimkuta kwenye mlango wa stoo akihesabu katoni na wale akina mama.

"Mulembe, Mama."

"Mulembe," akaitika, bila kuacha kuhesabu.

Nikamwonyesha mahali pa kuchagua lugha. Akachagua Kiingereza. Akaingia, akamwombea dereva matairi, akakagua maombi mengine yaliyokuwa yanamngoja, yote hayo wakati mimi bado natafuta pa kukaa. Hakuwa na tatizo lolote na simu, na hakuwahi kuwa nalo. Akanishukuru kwa Kiingereza, akasema sasa inasomeka vizuri. Kisha akaniuliza kuhusu katoni zilizofika zimelowa.

Nilifungua mdomo. Meneja alikuwa ametoka, tulikuwa karibu peke yetu. Lakini nilipomtazama, sweta lake, miwani yake sasa iko puani, kidole chake kwenye orodha ya katoni, nikajiuliza ninamletea nini. Sikuwa na habari ya kumpa. Nilikuwa na mzigo, na nilitaka yeye ndiye anitue. Aseme, si kosa lako, mwanangu. Angesema pia, nina hakika, kwa sababu ni mtu wa adabu, halafu angerudi nyumbani nao. Nikamjibu kuhusu katoni.

Wala sijui kama kunyamaza kule kulikuwa heshima au woga. Siku nyingine naona hivi, siku nyingine vile. Alistaafu mwaka uliofuata. Tuliagana kwa kushikana mikono, kwa Kiingereza, na akanipa mfuko wa malewa makavu nimpelekee mama yangu, na mimi nikaupokea kwa mikono miwili.

Siku hizi bado ninakwenda Malukhu mara kwa mara. Mwezi uliopita nilikuwa huko kwenye duka moja la kona nikinunua vocha, foleni ya watu nyuma yangu, simu ikalia. Alikuwa mama. Nikamsikia akianza na salamu zake ndefu, habari za nyumba, habari za kazi, habari za safari, na mimi nikaona watu wawili watatu wananitazama, au nikadhani wananitazama, nikamjibu kwa Kiingereza.

Mama akakatiza salamu zake.

"Mbona unanisemesha Kizungu?" akauliza. "Kuna nani hapo?"

"Hakuna mtu, Mama," nikasema, lakini nililisema kwa Kiingereza pia, tena kwa sauti ya chini, na nikatoka dukani bila kungoja chenji.